Mwalimu wa Kwaya Hajaja Kupunga Upepo

Jumamosi moja jioni jirani yangu, fundi seremala, alinikuta natoka kanisani shati limenilowa mgongoni. Akacheka. "Mwalimu, wenzio ndio wanaoimba saa mbili nzima, wewe unapunga mikono tu. Jasho la nini?" Nikacheka naye, kwa sababu hakuwa na ubaya. Ila swali lile nimeulizwa tena na tena kwa sura nyingine: na waumini, na wazazi wa wanafunzi, hata na mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa akitafuta kipindi cha kufuta kwenye ratiba. Basi haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi, na majibu ninayotoa siku nikiwa na subira.

"Kazi yake ni kupunga mikono"

Mikono ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Jumapili ninaposimama mbele, kazi imeshakwisha au imeshaharibika. Kazi yenyewe ilifanyika Jumanne usiku mezani, nikiwa na kalamu ya risasi: hapa wapumue, hapa wasipumue, hapa waimbaji wa tena, sauti ya juu ya wanaume, watapotea kwa sababu nota yao inagongana na ya alto, hapa besi wanashuka chini kuliko uwezo wa besi niliyo nayo. Kisha Alhamisi sauti moja moja, soprano na alto za wanawake, tena na besi za wanaume, halafu mbili mbili, halafu zote. Zikishaungana, mwalimu anasikiliza mistari minne kwa mpigo, kama mpishi mwenye vyungu vinne jikoni anayejua kwa harufu kipi kinaanza kuungua.

Hata mkono wenyewe, ulio muhimu si ule watu wanaouona. Ni ule unaotangulia pigo la kwanza, mkono wa kuvuta pumzi. Mwalimu akivuta pumzi fupi huku mabega yamepanda, kwaya nzima itapandisha mabega, na sauti itatoka kooni. Waimbaji wanaiga mwili wa aliye mbele yao bila kujua.

Chukua tatizo ambalo kila kwaya inalijua: mnaanza wimbo bila kinanda, mkifika ubeti wa tatu mpiga kinanda akigusa kibonye kila mtu anasikia aibu, mmeshuka nusu sauti. Asiyejua kazi atapiga kelele, "Pandisheni!" Anayeijua atajiuliza kwanza kwa nini. Wamechoka? Wanaishiwa pumzi kabla ya mwisho wa sentensi? Wanaimba "mi", sauti ya tatu kutoka do, chini kidogo kila wanapoipitia? Au kuna nota moja inayorudiwa mara sita, na kila ikirudiwa inateleza kidogo? Dawa ya kila moja ni tofauti, na kelele haimo.

"Solfa ni nota za wasiosoma"

Hili huniudhi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wapo waliosoma nota za mistari wakatoka na dharau: karatasi zetu za solfa, zilizoandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l, t (do, re, mi na wenzake), zenye nukta mbili kati ya pigo na pigo, wanaziona kama magongo ya kilema. Historia yake haiwaungi mkono. Katika karne ya 19 mwalimu mmoja wa kike wa mji wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alibuni namna ya kuwafundisha watoto kuimba kwa herufi. Mwaka 1841 mkutano wa walimu wa shule za Jumapili uliofanyika Hull ulimtwika kijana John Curwen, mchungaji ambaye hakuwa mwanamuziki wa kusomea, kazi ya kutafuta njia bora ya kufundisha uimbaji. Akaichukua njia ya Glover, akaitengeneza, akaongeza ishara za mikono, akaisambaza. Wamisheni wakaja nayo Afrika, na hapa ikaota mizizi kuliko kwao.

Nguvu yake ni kwamba "do" inahama. Leo umeamka sauti nzito? Teremsha do. Kwaya ya watoto? Ipandishe. Mwimbaji habadilishi chochote kichwani, kwa sababu alichojifunza si jina la kibonye cha kinanda bali umbali kati ya sauti na sauti: so kwenda do, ti ikiivutia do. Wanaonyosha kidole waelewe kwamba mtunzi Zoltán Kodály wa Hungaria aliijenga elimu ya muziki ya nchi yake juu ya do hiyo hiyo inayohama na ishara hizo hizo za mikono, na hakuna anayewaita Wahungaria wasiosoma.

Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 sauti ambayo leo tunaiimbia "Mungu ibariki Afrika", aliandika nyimbo zake kwa solfa kwenye daftari la shule. Alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya ya shule ya misheni Johannesburg.

Ina mipaka yake, sikatai. Wimbo ukihama ufunguo, yaani do ikihamishwa, mara tatu ndani ya ukurasa mmoja, solfa inakuwa msitu. Na ukimpa mpiga tarumbeta karatasi ya solfa atakuangalia kama umempa orodha ya mahitaji ya sokoni. Mimi huanza na solfa, na mwaka wa pili naingiza mistari. Anayeanza na mistari kwa watu wazima waliotoka kazini saa kumi na moja jioni, nampa pole mapema.

"Wanawake waimbe, wanaume waongoze"

Rudi juu usome tena jina la Sarah Glover.

"Ni kazi ya aliyeshindwa kwingine"

Hesabu nyimbo za taifa za ukanda huu. Yetu imetoka kwa Sontonga, mwalimu wa shule, aliyefariki 1905 bila kujua kwamba nchi zingesimama wima kwa sauti yake. Ya Uganda, 1962, ni ya George Kakoma, mwalimu wa muziki. Ya Kenya, 1963, iliandaliwa na kamati ya watu watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, wote watu wa kufundisha muziki, na sauti waliyoijengea ni wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Kila asubuhi ya shule bendera inapanda kwa kazi ya walimu wa muziki, halafu kipindi cha muziki ndicho cha kwanza kufutwa mtihani ukikaribia.

Ila nisipambe. Malipo ni jambo lingine. Kakoma alifikia hatua ya kuishtaki serikali ya nchi yake akidai haki za wimbo ule. Na katika makanisa mengi ninayoyajua, mwalimu wa kwaya hulipwa nauli, soda na "Mungu atakulipa". Wengi wetu tuna kazi nyingine mchana. Si dosari, Arthur Kemoli, mmoja wa majina makubwa ya kwaya Kenya, alikuwa mhadhiri wa fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi. Boniface Mganga, aliyeiongoza Muungano National Choir, aliwahi kuwa mbunge wa Voi.

Anayetaka kuifanya kazi ya mchana, njia zipo: shahada katika vyuo vikuu vya Kenyatta au Makumira, mafunzo TaSUBa, taasisi ya sanaa pale Bagamoyo, chuo cha muziki cha nchi za jahazi Unguja. Wapo wanaofundisha mashuleni, wanaopanga nyimbo za wengine, wanaokaa meza ya majaji kwenye tamasha la muziki la Kenya, lililoanza tangu 1927. Hawatajirika haraka. Lakini kusema hakuna kazi ni kutosema kweli.

"Kwaya ikiimba vibaya, waimbaji ndio wabovu"

Walimu wenyewe ndio tunaoipenda dhana hii. Na tuna babu wa kumtaja. Mtunzi Johann Sebastian Bach alipewa ukuu wa muziki wa makanisa ya Leipzig, Ujerumani, mwaka 1723 akiwa chaguo la tatu, baada ya watunzi wenzake wawili, Telemann kukataa na Graupner kuzuiwa na mwajiri wake. Agosti 1730 aliliandikia baraza la mji akilalamika kama mwalimu yeyote wa kwaya baada ya mazoezi mabaya. Akawahesabu vijana wake: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Kila ninapowasomea hesabu hiyo wenzangu, wanacheka kisha wanaanza kuhesabu wa kwao kimoyomoyo.

Bach alikuwa anadai fedha na watu, na alikuwa na haki. Lakini mwalimu wa kwaya ya kujitolea hana baraza la kuliandikia. Ana watu waliokuja. Wachache mno duniani wana kasoro ya kweli ya ubongo kutotambua sauti. Wengi tunaowaambia "huna sikio" hawajawahi kufundishwa kusikiliza. Msimamishe karibu na mwenye sauti imara, mpe nota tano tu katikati ya uwezo wake, umsubiri miezi. Na kijana wa miaka 14 ambaye wiki hii sauti inakatika si wa kufukuzwa. Koo lake linakua, sauti inashuka karibu oktava nzima. Anahitaji sehemu fupi isiyo na mruko, na mwalimu asiyeruhusu wenzake wamcheke. Nimeshuhudia besi nzuri zikipotea kwa mzaha wa siku moja tu.

"Mwalimu mzuri ni mkali"

Niliwahi kuiamini. Katika kwaya moja niliyoanza nayo nikiwa kijana, nilimfokea mwimbaji wa alto mbele ya wote kwa kuingia mapema. Hakujibu. Wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata wakapungua wengine wawili waliokuwa wakisikilizia kwake. Nilichokiita nidhamu kilinigharimu alto nzima mwezi mmoja kabla ya Pasaka.

Kwaya ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mlezi, na waimbaji waliomwacha mtoto na chakula motoni. Hakuna anayelipwa, kwa hiyo hakuna wa kumkata mshahara. Mamlaka yote ya mwalimu ni haya: kwamba muda wao hauendi bure. Anza saa uliyosema. Usikae na besi dakika 40 huku soprano wakisinzia. Ukikosea ufunguo, sema "nimekosea mimi". Kuchelewa na utoro ni vya mwenyekiti na katiba ya kwaya. Mwalimu akivishika yeye, anageuka askari na muziki unamponyoka.

"Kwaya ni mambo ya kizungu"

Sauti nne zilizopangwa kwenye karatasi zilikuja na wamisheni, ndiyo. Mwimbishaji na waitikiaji tulikuwa nao. Na walimu wa kwaya ndio walioviunganisha. Kule Kamina, Katanga, padre Mbelgiji Guido Haazen alikuwa na kwaya ya wavulana na walimu wao, na mwaka 1958 wakarekodi misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Kikongo, "Missa Luba", wakati misa ya Kikatoliki ikiwa bado ya Kilatini karibu kote duniani. Muungano ya Mganga wakairekodi upya 1990. Kule Makumira, Mlutheri Mmarekani Howard Olson alikusanya sauti za makabila ya Tanzania akazitilia maneno ya Kiswahili ya ibada.

Uzungu unaobaki uko mahali ambapo watu hawautafuti: kwenye mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zilisukumizwa kwenye sauti za Kijerumani na Kiingereza, pigo zito likaangukia "-ngu" ya Mungu na "-yo" ya moyo. Tumezizoea toka utotoni hadi hatusikii tena. Lakini jaribu neno "barabara". Ukikaza bara-BA-ra, ni njia ya magari. Ukikaza ba-RA-bara, ni sawasawa, kama ipasavyo. Mtunzi akiliweka pigo pasipo pake, kwaya inamsifu Mungu kwa lami. Kwenye lugha kama Kiganda ni kugumu zaidi, maana kupanda na kushuka kwa sauti kunabadili maana ya neno lenyewe. Kabla sijafundisha wimbo mpya, nausoma maneno yake kwa kinywa kama mtu anayeongea, napiga meza kwa kidole. Pigo likigombana na neno, narekebisha nota.

"Bila yeye kwaya itakufa"

Hii husemwa kama sifa, na ndiyo maana ni hatari. Nimeona kwaya za miaka mingi zikitawanyika miezi mitatu baada ya mwalimu kuhamishwa kikazi, kwa sababu nakala zilikuwa kwenye begi lake na ufunguo wa kila wimbo kichwani mwake. Nakala ziwe za kwaya, kabatini. Na kila mwezi mtu mwingine aongoze wimbo mmoja, Jumapili, mbele ya watu, akosee.

Mimi niliandaa wawili. Mmoja alihamia Mwanza kikazi. Mwingine ndiye anayeongoza sasa, na nyimbo zangu anazianza kwa kasi ambayo mimi nisingethubutu. Nakaa upande wa besi, naangalia mkono wake ukipanda, navuta pumzi pamoja na wenzangu.