Kurusha Droni kwa Jicho la Rubani: Maana na Chimbuko Lake

Katika harusi moja ya Mikindani, mpiga picha aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya turubai, akiwa amevaa miwani nene iliyoziba macho yote mawili, na kila droni yake ilipokata kona kiwiliwili chake kililala upande huohuo kana kwamba naye yumo ndani. Nyuma yake alisimama mwenzake, uso ameuelekeza angani, mikono mitupu. Hali hiyo ya kuketi kitini huku macho yako juu ya minazi ndiyo inayoitwa urushaji kwa jicho la rubani, ambao warushaji hufupisha kwa herufi FPV, yaani "first-person view" kwa Kiingereza: kamera ndogo iliyo puani mwa droni hutuma picha papo kwa papo, na rubani huiongoza droni kwa kile kamera inachokiona, bila kuitazama droni yenyewe.

Droni kuwa na kamera hakutoshi kuipa jina hilo. Ile ya kawaida ya kupigia picha hujishikilia mahali kwa msaada wa satelaiti hata ukiviachia vijiti vya rimoti, lakini hii, ikirushwa kwa mtindo wake halisi, ukiilaza upande inabaki imelala hadi uinyanyue mwenyewe. Kwa sababu hiyo inaweza kuingia mlangoni na kutokea dirishani, na kwa sababu hiyohiyo wanaojifunza huvunja nyingi ya zile panga zinazozunguka kuiinua.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko vijana wanaolishabikia. Mwaka 1934 Vladimir Zworykin, mmoja wa waasisi wa televisheni, alipendekeza nchini Marekani bomu linaloruka likiwa na jicho la umeme, na mwaka 1944 jeshi la majini la nchi hiyo lilitumia katika Bahari ya Pasifiki ndege zisizo na mtu zilizoitwa TDR-1, zenye kamera ya televisheni puani, huku mwongozaji akitazama kiwambo ndani ya ndege nyingine iliyofuata kwa mbali. Baada ya hapo wazo lilisubiri vifaa vipungue uzito. Miaka ya mwanzo ya 2000 wapenzi wa ndege za rimoti walianza kuzifunga kamera ndogo, na kufikia mwaka 2010 wabunifu wa programu ya MultiWii walikuwa wakichomoa vihisi mzunguko kutoka rimoti za mchezo wa Nintendo Wii ili kutuliza droni za panga nne. Naona hapo ndipo mlango ulipofunguka kweli, kwani kifaa cha kuchezea sebuleni kiliwapa watu wa kawaida uwezo uliokuwa wa majeshi na maabara.

Kilichobaki kuwa kigumu ni muda ambao picha hutumia kutoka kwenye kamera hadi machoni. Droni inayokwenda kilomita 100 kwa saa hupita takribani mita 28 kila sekunde. Picha ikichelewa milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde, rubani anayepenya kwenye shamba la mikorosho anaona mahali alipokuwa mita tano na nusu zilizopita, na ikiwa miti imepandwa kwa nafasi ya mita 12, hiyo ni karibu nusu ya nafasi yote. Tawi analoliona mbele huenda amekwisha kuligonga. Hii ndiyo sababu warushaji waling'ang'ania picha ya analogi, ambayo hufika upesi, kwa miaka mingi ingawa ni mbaya. Aliyewahi kutazama televisheni ya antena na baadaye ya king'amuzi ataelewa upesi: antena ikizidiwa inaleta chenga, lakini mpira bado unauona, ilhali king'amuzi mawingu yakitanda huganda kabisa. Rubani huvumilia chenga. Picha iliyoganda humwangusha. Mwaka 2019 kampuni ya DJI ya China ilitoa mfumo wa kidijitali uliotangazwa kuwa na ucheleweshaji wa milisekunde 28, yaani chini ya mita moja kwa mwendo ule ule, na tangu hapo wengi wakaanza kuhama.

Kabla ya hapo, mashindano ya kurusha droni hizi yalikuwa yamekwisha kushika kasi. Mwaka 2016 kijana Mwingereza wa miaka 15, Luke Bannister, alishinda yale ya Dubai. Vita vya Ukraine vikairudisha teknolojia hii ilikotoka. Huko, ili adui asivuruge mawimbi ya redio, baadhi ya droni sasa huachia nyuma yake uzi mwembamba wa nyuzinyuzi za kioo unaobeba picha, mfano wa mshipi wa mvuvi unaofunguka majini.

Kwetu Tanzania, anayetaka kurusha droni hupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuomba kibali, na kwa aliyevaa miwani kuna haja nyingine, ya mtu wa kumtazamia angani, isiyohitaji kuelezwa na ofisi yoyote. Kamera hutazama mbele tu. Pale Mikindani, droni ilipokuwa ikirudi kutoka upande wa bahari, yule mwenzake aliyesimama mikono mitupu alimgusa bega na kusema, "Mwewe, nyuma yako," na rubani, ambaye hakuwa ameona chochote, akaishusha chini ya makuti.