Nipe mji: kumfukuza Carmen Sandiego kutoka Mwanza

Mwaka 1985 kampuni ya Brøderbund ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa Where in the World Is Carmen Sandiego? Ndani ya boksi, pamoja na disketi, mlikuwa na almanaki nene, yaani kitabu cha taarifa za dunia. Natengeneza michezo ya kufundishia jiografia, na kila Jumamosi hapa Nyegezi nacheza huu na watoto wa mtaani. Jambo la kwanza ninalowaonyesha ni kile kitabu: mchezo haukutaka ujue majibu, ulitaka uende kuyatafuta.

Hadithi yake ni fupi. Wewe ni mpelelezi wa shirika la upelelezi la ACME. Hazina imeibwa, na mwizi ni mmoja wa genge la V.I.L.E., ambalo mkuu wake ni Carmen mwenyewe. Unauliza mashahidi, unapata vidokezo vya mji alikokimbilia, unapanda ndege kumfuata. Kesi inayofuata ni vilevile. Watoto hawachoki, na nadhani ni kwa sababu ileile inayofanya vitendawili visituchoshe: umbo halibadiliki, fumbo ndilo hubadilika. Kitendawili! Tega. Ukishindwa unaambiwa utoe mji, na mtegaji anauchukua, anaenda kula na kunywa huko, ndipo anakufumbulia. Asiyejua hulipa.

Kwa Carmen unalipa kwa saa. Kesi inaanza Jumatatu saa tatu asubuhi na inafungwa Jumapili saa kumi na moja jioni. Kuhoji shahidi kunakula muda, kuruka kunakula muda, hata usingizi wa mpelelezi unakatwa humo humo. Ukikosea mji, wenyeji wanakwambia hawajamwona mtu wa namna hiyo, na inabidi urudi ulikotoka. Hakuna anayekuzomea wala kukuwekea alama ya kosa. Umechelewa tu, na mtoto anayeona Ijumaa imefika anafungua atlasi bila kuambiwa.

Kuna fumbo la pili linaloendelea pembeni: nani? Mashahidi hutaja rangi ya nywele, gari, mambo anayopenda. Unayalinganisha na majalada ya watuhumiwa 10 hadi upate hati ya kukamata. Ukimfikia mwizi bila hati, anaponyoka. Watoto wangu wengi huanguka hapa, kwa sababu wanakimbilia miji na kusahau mtu.

Ila ufundi wenyewe uko kwenye kidokezo. Chukua mfano wa fedha za nchi. Mchezo ule ulikuwa na miji 30, na mwaka 1985 faranga ilitumika katika minne kati yake: Paris, Bamako, Kigali na Moroni. Ukiambiwa mtu ametafuta faranga, hujapewa jibu. Umepunguziwa uwanja, na sasa lazima uangalie ndege zinazoondoka hapo ulipo zinakwenda wapi, au utafute kidokezo kingine cha bendera au mto. Kidokezo kizuri kinabana bila kutaja.

Nilipoanza kutengeneza mchezo wa namna hiyo kwa ajili ya Ziwa Victoria, fedha ilinigomea kabisa. Kenya, Uganda na Tanzania zote zinatumia shilingi! Nikaandika kwamba mwizi amenunua senene wa kukaanga, watoto wote wakapiga kelele "Bukoba!" kabla sijamaliza kusoma. Kidokezo hicho kingemsumbua mtoto wa Lindi, lakini kwa mtoto wa Mwanza ni sawa na kumtajia mji. Ugumu hauko kwenye swali, uko kwenye umbali kati ya swali na anayeulizwa. Mtoto wa Marekani wa wakati ule aliifungulia Kigali kitabu. Wangu wanaiona jirani, lakini Reykjavik ya Iceland inawatoa jasho.

Kidokezo ninachokipenda zaidi hadi sasa ni hiki: "Aliuliza njia ya kwenda penye mto unaotoka ziwani, si unaoingia." Nusu ya kundi lilikwenda Kagera. Walipofika na kukuta hakuna aliyemwona, msichana mmoja alikaa kimya akifuatisha mstari wa buluu kwa kidole, akapata Jinja, pale Nile inapoanza safari. Hatasahau mto upi unaingia na upi unatoka, kwa sababu kosa lilimgharimu siku nzima ya upelelezi.

Jiografia nayo huzeeka. Bendera ya Rwanda ya 1985, yenye herufi R katikati, iliondolewa mwaka 2001, na Paris sasa inatumia euro. Mimi pia limenikuta. Mwizi wangu wa kwanza alikuwa akisubiri kivuko cha Kigongo kwenda Busisi. Juni 2025 daraja likafunguliwa. Kidokezo nimekiandika upya, na sasa kinasema: "Alivuka Ghuba ya Mwanza bila kulowa na bila kupanda chombo cha majini."