Je, wajua kwa nini namba iliyokatazwa kwenye fanksheni, yaani isiyoruhusiwa kuwekwa mahali pa x, hubaki imekatazwa hata baada ya kurahisisha?

Tazama fanksheni hii:

f(x) = (x² − 9) / (x² − x − 6)

Ukiirahisisha unapata (x + 3)/(x + 2). Weka x = 3 kwenye umbo hilo fupi, linatoa 6/5 bila shida. Weka 3 hiyo hiyo kwenye umbo la mwanzo, unapata 0/0. Lipi tulifuate? La mwanzo, na ni lazima iwe hivyo.

Kikoa ni seti ya namba zote ambazo fanksheni inaweza kuzipokea ikatoa jibu. Kwa fanksheni ya sehemu, yaani polinomia (kama x² − 9) iliyogawanywa kwa polinomia, sharti ni moja tu: asili, yaani sehemu ya chini, isiwe sifuri. Kiasi, yaani sehemu ya juu, kikiwa sifuri hakuna neno, kwa kuwa 0/5 ni 0.

Kwa nini sifuri haigawi? Tunasema 12 ÷ 4 = 3 kwa sababu 3 × 4 = 12. Basi −5 ÷ 0 inataka namba ambayo ikizidishwa kwa 0 italeta −5, na namba hiyo haipo. Kwa 0 ÷ 0 mambo ni kinyume: kila namba inafaa, maana namba yoyote mara 0 ni 0. Fanksheni hutakiwa kutoa jibu moja kwa kila namba, si kukosa jibu wala kuwa nayo yote.

Kutafuta kikoa, chukua asili peke yake uilinganishe na sifuri: x² − x − 6 = 0. Tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −6 na jumla yake ni −1. Ni −3 na 2, hivyo (x − 3)(x + 2) = 0, na x ni 3 au −2. Hapa wengi huandika 3 na −2 kama jibu, kumbe hizo ndizo za kutupa. Kikoa ni namba halisi zote isipokuwa −2 na 3.

Sasa turudi kwenye kurahisisha. Kiasi ni (x − 3)(x + 3). Tulipofuta (x − 3) juu na chini, tulichofanya hasa ni kugawa pande zote mbili kwa (x − 3). Kama x ni 3, tumegawa kwa sifuri. Kwa hiyo hatua yenyewe ilikuwa halali kwa x ≠ 3 tu, na sharti hilo huandikwa pembeni ya umbo fupi: (x + 3)/(x + 2), x ≠ 3. Ndiyo maana kikoa husomwa kabla ya kufuta chochote.

Grafu huonyesha kwamba namba hizi mbili hazifanani. Karibu na 3 mambo ni shwari: x = 2.99 inatoa takriban 1.2004, na x = 3.01 takriban 1.1996. Mstari unapita vizuri, ila una tundu kwenye (3, 6/5). Tundu hilo halina upana, hivyo skrini ya kompyuta mara nyingi huchora mstari kana kwamba haukukatika; usiitegemee. Karibu na −2 ni vurugu: x = −1.99 inatoa 101, x = −2.01 inatoa −99.

Makosa mengine huanzia kwenye kutatua mlinganyo. Kwa x² − 25 = 0, wengi huona 5 wakaisahau −5. Kwa x² = 4x, ukigawa pande zote kwa x unaipoteza 0; hamisha kwanza, upate x(x − 4) = 0. Nayo x² + 4 haishuki chini ya 4, kwa hiyo ikiwa ndiyo asili, hakuna namba halisi ya kutupa.

Mtego mkubwa zaidi ni sehemu ndani ya sehemu. Chukua 1/(1 − 2/x). Ukiirahisisha inakuwa x/(x − 2), na macho yanaona 2 peke yake. Lakini 2/x ilikuwemo tangu mwanzo, nayo inaikataa 0. Zinazotupwa ni 0 na 2.