Kampeni ya Watu Wawili: Maana Yake na Hesabu Zake

Mtanzania akisikia neno kampeni, anaona gari la matangazo, fulana na wagombea. Kwa wachezaji wa michezo ya kuigiza mezani neno hilo lina maana nyingine: ni kisa kirefu kinachochezwa kipande kwa kipande, wiki hadi wiki, na wahusika walewale, huku majeraha, marafiki na madeni ya jana yakiwafuata leo. Neno lenyewe lilitoka kwenye michezo ya vita ya mezani, ambako mfululizo wa mapigano yanayohusiana uliitwa kampeni. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa kuigiza wa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, neno hilo likaingia kwenye michezo ya kuigiza.

Mezani kuna mwongozaji, anayeeleza dunia ya mchezo na kuwasemea watu wote wanaokutwa humo. Na kuna wachezaji, kila mmoja na mhusika wake. Jambo likiwa na shaka dadu inaamua, mara nyingi dadu ya pande 20: namba inatajwa, ukiifikia au kuipita umefaulu. Michezo mingi ya aina hii imepimwa kwa wachezaji wanne hivi. Kampeni ya kundi dogo ni ile yenye mwongozaji na mchezaji mmoja, au wawili wakizidi. Ndugu wawili wa Uyole wanatosha, na wanachuo wawili wa chumba kimoja Iringa pia wanatosha.

Watu wengi huharibu hapa: wanachukua kisa cha wachezaji wanne, wanakiendesha kama kilivyo, wakidhani kitakuwa kigumu kidogo tu. Hakiwi kigumu kidogo. Kinachopungua ni zamu, na zamu ndiyo mali kubwa kuliko upanga wowote.

Chukua mfano wa mapigano. Shujaa ana uhai wa 12, yaani pointi zinazopungua kila anapojeruhiwa. Anapata shabaha nusu ya mara anazopiga, na kila akipata, adui mmoja anaanguka. Adui naye anapata shabaha nusu ya mara, na pigo lake ni dadu ya pande sita, yaani wastani wa 3.5. Kila mzunguko kila mmoja anapiga mara moja, hivyo kwa wastani shujaa atahitaji mizunguko miwili kumwangusha kila adui. Kwa adui mmoja atapoteza uhai wa 3.5. Kwa wawili si 7, ni 10.5, kwa sababu wakati anahangaika na wa kwanza, wa pili hakai bure. Kwa watatu ni 21. Kwa wanne ni 35, karibu mara tatu ya uhai wote alionao. Kila adui unayemwongeza ana uzito kuliko aliyemtangulia, na mwongozaji asiyeijua hesabu hii atamuua mhusika wa rafiki yake kwenye pambano la kwanza bila kukusudia.

Kwa takwimu hizo, mpaka wa shujaa mmoja ni maadui wawili, na hapo anatoka na uhai wa 1 au 2 kama dadu haikumgeuka. Ukitaka kundi la wanyang'anyi wanne, wagawe: wawili wako kwenye moto, wawili wamekwenda kuchota maji na watarudi baada ya muda. Au wape sababu ya kukimbia mwenzao wa kwanza akianguka. Watu wengi hukimbia. Wanaopigana hadi kufa ni wachache hata katika maisha ya kawaida.

Kuna jambo la kifo pia. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, uhai ukifika sifuri mchezaji anatupa dadu kila zamu yake: 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari, heri tatu umenusurika, shari tatu umekufa. Kanuni hiyo inategemea rafiki aliye karibu kukufunga jeraha. Shujaa wa peke yake hana rafiki huyo, na akifa, kampeni nzima imekufa naye. Ni heri mkubaliane kabla ya kikao cha kwanza kwamba sifuri maana yake ni gharama: anazinduka akiwa amefungwa kamba, au ameibiwa mzigo wote, au yuko nyumbani kwa mtu ambaye sasa anamdai fadhila. Andaa matokeo matatu ya namna hiyo kwa kila pambano. Bila maandalizi, mwongozaji hujikuta anadanganya namba za dadu ili kumwokoa mwenzake, na mchezaji akiligundua hilo mara moja, hataiogopa tena hatari yoyote mezani.

Hesabu hiyohiyo inagusa upelelezi. Kama nafasi ya kuona alama za kwato kwenye tope ni nusu kwa nusu, mchezaji mmoja anazikosa mara 50 katika 100. Wawili wakijaribu, walau mmoja ataziona mara 75. Wanne, karibu mara 94. Kwa hiyo kidokezo ambacho bila hicho kisa hakisogei, usikitupie dadu; mpe tu. Dadu itumike kwa ziada: je, anatambua pia kwamba mmoja wa waliopita alikuwa anachechemea?

Suluhisho linalopendwa na wengi ni kumwongezea mchezaji mwenza, yaani mhusika wa pili asiye na mambo mengi. Linafaa, likiwekewa mipaka. Mwenza aandikwe kwenye nusu ukurasa: uhai wake, pigo moja, kazi moja anayoijua vizuri, na jambo moja analoliogopa. Kwenye mapigano mchezaji ndiye amwamulie, kwenye mazungumzo mwongozaji amsemee. Mwenza asitegue fumbo na asitoe shauri la njia ipi ifuatwe, maana shauri hilo ni la mwongozaji kwa sauti nyingine, na mchezaji atalifuata kama amri. Mwenza mmoja kwa kila mchezaji anatosha.

Utajiri wa kundi dogo uko kwenye mazungumzo, na hapo ndipo pa kuweka nguvu. Hakuna anayesubiri zamu wala kuchoshwa na maswali ya mwenzake. Tuseme kisa kiko Rungwe, ng'ombe wameibwa, na shujaa anashuka kuelekea Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira. Mwongozaji anaanza, mchezaji anajibu:

"Kwenye kibanda cha ndizi, kando ya njia, amekaa bibi. Amekuangalia tangu ulipotokea."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umechelewa, ng'ombe walipita alfajiri."

"Walikuwa na nani, bibi?"

"Keti kwanza, unywe maji. Aliyetoka Tukuyu kwa miguu haulizi akiwa amesimama."

Dadu haijaguswa, ila mchezaji amepata mwelekeo, amepata mtu, na ana la kujiuliza. Zingatia kwamba anayeongea naye ni mmoja. Mwongozaji akiwaweka wahusika wawili wake wabishane wao kwa wao, mchezaji anageuka mtazamaji wa mtu anayejisemesha. Likitokea, lifupishe: "Wanabishana bei, mwisho yule mnene anakubali."

Muda nao unakwenda tofauti. Wachezaji wanne hutumia sehemu kubwa ya kikao kushauriana; mmoja anaamua papo hapo. Kisa kilichopangwa kwa saa nne kinaweza kuisha kwa mbili au chini yake, mwongozaji akabaki hana la kusema. Dawa yake si kuandika matukio mengi kwa mfuatano, kwa sababu mtu mmoja huacha njia uliyomchorea haraka kuliko kundi. Andaa sehemu tatu, watu watatu na siku moja ya mwisho. Kwa mfano wetu: Daraja la Mungu, soko la Tukuyu na kingo za Ziwa Ngosi zenye msitu, bibi wa ndizi, mchinjaji na kijana anayechechemea, na mnada wa keshokutwa. Mchezaji akianza popote, kuna kitu.

Kikao cha saa moja na nusu hadi mbili kinatosha. Mchezaji wa peke yake hapati pa kupumzikia, kila swali linamlenga yeye, na akichoka utaona majibu yanakuwa ya neno moja. Chai katikati ni sehemu ya mchezo. Kimya chake pia kiheshimiwe: hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia, kisha mtajie vitu vitatu anavyoviona, usimtajie la kufanya. Na Mbeya msimu wa mvua, bati likianza kupigwa, acheni kwa muda. Kisa kinachopigiwa kelele hakisikiki utamu wake.

Wachezaji wakiwa wawili, asiyefika mmoja ameondoka na nusu ya kundi. Usiendelee na kisa kikuu. Cheza na aliyekuja jambo linalomhusu mhusika wake tu, kwa mfano deni la nyumbani, ili mwenzake asirudi akute mlango uliokuwa wake umeshafunguliwa.

Dadu ya pande 20 haipatikani kila duka, na dadu mbili za ludo haziwezi kushika nafasi yake: jumla ya 7 inakuja mara 6 katika 36, ilhali 2 na 12 zinakuja mara moja moja, hivyo kila kitu kinajazana katikati. Karata zinafanya kazi vizuri zaidi. Ondoa jokeri na zile 12 zenye picha za watu, zitabaki 40. Ree ni 1. Nyekundu zinasomwa kama zilivyo, 1 hadi 10. Nyeusi unaongeza kumi, 11 hadi 20. Kila namba ina karata mbili, sawa kwa sawa. Rudisha na changanya kila baada ya kuchomoa. Usiporudisha, mchezaji aliyepata namba ndogo tatu anajua kubwa zinakuja, na hofu inamtoka. Umeme ukikatika, karata zinasomeka kwa mshumaa.

Maliza kikao pale ambapo uamuzi unasubiri, kisha mchezaji mwenyewe, si mwongozaji, aandike mistari mitatu kwenye daftari: kilichotokea, alichonacho mkononi, na swali linalomkera. Swali hilo ndilo linalofungua kikao kijacho, hata kama mwongozaji alikuwa amepanga lingine. Kwa kisa cha Rungwe linaweza kuwa hili: sikumwambia nimetoka wapi, bibi alijuaje ni Tukuyu?