Umeme unaousogeza mkono hautoki kichwani

Wengi huamini kwamba kifaa kinachomwezesha aliyepooza kusogeza mkono kwa kukusudia tu huchota umeme wa ubongo na kuupeleka mkononi, kama fundi anavyounga waya uliokatika. Sivyo. Umeme wa ubongo ni hafifu mno, na safari yake huishia kwenye kompyuta. Kompyuta hutafuta ishara zinazojirudia kila mtu anapokusudia kukunja kiganja. Ikizitambua, huamuru kifaa kingine, kilichofungwa mkononi, kitoe mapigo yake chenyewe ya umeme. Katikati pana mkalimani, tena wa maneno machache.

Ian Burkhart, Mmarekani, aliumia shingo mwaka 2010 alipopiga mbizi baharini, akapooza. Mwaka 2014, katika Chuo Kikuu cha Ohio State, alipandikizwa ubongoni chipu yenye elektrodi 96 (vidude vidogo vya kunasa au kutoa umeme), na mkono ukazungushiwa kitambaa chenye elektrodi 130. Baada ya miezi ya mazoezi aliweza kushika chupa, kumimina vilivyomo, kuokota kijiti na kukoroga. Kompyuta ilibidi ifundishwe upya kila kikao.

"Basi inasoma mawazo!" Haisomi. Kwa Burkhart ilitofautisha miondoko sita ya kiganja na kifundo cha mkono, basi. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Graz, Austria, uliochapishwa 2003: mgonjwa aliyepooza aliwaza kusogeza miguu, na mkono ndio ulioshika kitu! Ishara ya miguu ilitambulika kwa urahisi zaidi. Wala fuvu lake halikupasuliwa. Elektrodi zilibandikwa juu ya ngozi ya kichwa.

Dhana inayoumiza watu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba msuli wowote uliopooza utaitikia. Mapigo yale huamsha neva, yaani mshipa wa fahamu, na neva ndiyo inayouamsha msuli. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi bado ana neva hai mkononi. Polio, kwa upande wake, huua chembe za neva zenyewe. Hapo ni kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Hata penye neva nzima, msuli huchoka upesi, kwa sababu mwili huzitumia nyuzi za msuli kwa zamu ilhali umeme huziita zote zilizo karibu kwa mpigo mmoja.

Wapo pia wanaodhani ukivua kifaa umerudi ulikoanzia. Kwa waliopata kiharusi, si lazima iwe hivyo. Katika utafiti wa wagonjwa 27 uliochapishwa 2018, waliopigwa umeme pale tu ubongo ulipokusudia kukunjua mkono walipata nafuu kuliko waliopigwa bila kufuata nia hiyo, na nafuu ikadumu miezi kadhaa baada ya tiba kwisha.