Dubwana, Kamera Inayotikisika, na Maneno ya Kwenye Ngazi za Sinema

"Hata mimi na simu yangu ningeitengeneza hii." Simama kwenye ngazi za sinema yoyote ya Nairobi, iwe Ngong Road au Westlands, filamu ya dubwana iliyopigwa mithili ya video ya mtu wa kawaida inapoisha. Hutamkosa wa kusema hivyo. Naanza na huyo kwa sababu ndiye anayeniudhi zaidi.

Yeye anaamini kwamba picha ikitikisika, basi watengenezaji hawakuwa na pesa. Cloverfield, filamu ya Marekani ya dubwana linaloshambulia New York, iliyotoka Januari 2008, iligharimu takriban dola milioni 25, na kutikisika kwenyewe ndiko kulikowatoa mafundi jasho. Dubwana lile halikuwepo mahali popote. Lilitengenezwa kwa kompyuta na studio ya Tippett, kisha likabandikwa juu ya picha. Kamera ikiwa imetulia kwenye stendi, kubandika ni kazi ya kawaida. Lakini ikiwa mikononi mwa mtu anayekimbia, anayeanguka na kugeuka nyuma, mafundi hulazimika kufuata kila mtikisiko, fremu baada ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu, na sekunde moja tu ina fremu 24. Wakikosea kidogo, jitu zima linaelea juu ya barabara kama kibandiko kilichobanduka.

Kuna kisa kimoja cha filamu hiyo ninachokipenda mno. Kwenye tangazo lake la 2007, lililoonyeshwa bila hata jina la filamu, kichwa cha Sanamu ya Uhuru kilirushwa kikaangukia katikati ya barabara ya New York. Watazamaji wakalalamika kwamba ni kidogo mno, hakiaminiki. Kumbe kilikuwa na ukubwa wake halisi! Filamu yenyewe ilipotoka, kichwa kilikuwa kimeongezwa ukubwa, maana uhalisi ulikuwa umekataliwa na watu wanaodai uhalisi.

Ni kweli zipo za bei ndogo. Paranormal Activity ilipigwa kwa takriban dola 15,000 na ikaingiza zaidi ya milioni 190 duniani. The Blair Witch Project, iliyozinduliwa 1999 na inayojifanya kanda iliyoachwa na vijana watatu waliopotea msituni, nayo ilianza kwa pesa kiduchu. Lakini muulize mwigizaji wake kama kazi ilikuwa nyepesi. Waigizaji watatu walipelekwa kwenye misitu ya Maryland, wakajipiga picha wenyewe, wakawa wanaachiwa maagizo njiani na kupunguziwa chakula kadiri siku zilivyosonga. Ile sura ya mtu aliyechoka unayoiona pale si uigizaji mtupu.

Filamu hiyohiyo ndiyo iliyoeneza imani ya pili, ambayo bado naisikia kutoka kwa watu wazima wenye kazi zao: kwamba kanda iliokotwa kweli. Haikuokotwa. Waigizaji walitumia majina yao halisi, na wauzaji wa filamu wakatangaza kwamba watatu hao wamepotea, hata mama mzazi wa mmoja wao akaanza kupokea kadi za rambirambi ilhali binti yake yu hai. Mwitaliano Ruggero Deodato alikuwa amepatwa na makubwa zaidi baada ya filamu yake ya 1980, Cannibal Holocaust, kwani ilimbidi athibitishe kwa mahakama kuwa waigizaji wake hawakuuawa. Kwa hiyo ukiona maandishi ya "kanda hii ilipatikana" mwanzoni, hayo ni sehemu ya hadithi, na yanakusudia kukutoa kwenye kiti chako ukiwa umekaa papo hapo.

Wengine hulalamika kuwa wamepunjwa: wamelipa tiketi kuona dubwana, wakaonyeshwa mguu, kivuli, na mkia nyuma ya jengo. Hapa naomba tuvutane kidogo. Mwenye kamera ni mtu anayekimbia, na anayekimbia haoni vizuri. Unachokosa kwa macho, unapewa kwa masikio. Spika za ukumbi ziko mbele, kandoni na nyuma yako, na ile kubwa ya sauti nzito hutoa mngurumo unaoupokea kifuani na kwenye mgongo wa kiti kabla hujajua unatoka wapi. Kispika cha simu hakiwezi sauti nzito kiasi hicho, kwa hiyo anayesema "nitaiona kwa simu, ni ileile" ataona picha ileile lakini atasikia filamu nyingine.

Isitoshe, ndani ya Cloverfield hakuna muziki wa kukuonya. Filamu za kutisha za kawaida hukupa vinanda vikipanda, ukajiandaa, ukashika bisi vizuri. Hapa kuna miguno, ving'ora, watu wakiitana. Muziki uliotungwa na Michael Giacchino huja mwishoni majina yakipanda, nasi wa Nairobi wakati huo tumeshafika mlangoni tukitafuta matatu.

Na dubwana lenyewe si adui mwenye njama. Waliolibuni walieleza kwamba ni mtoto mchanga aliyechanganyikiwa na kuogopa. Ukilijua hilo, filamu nzima hubadilika, ingawa majengo huanguka vilevile.

Kuhusu kelele za watazamaji, nina msimamo wangu. Wapo wanaoamini ukumbi mzuri ni ule ulio kimya jii. Kwa filamu hizi, sikubali. Wimbo wa taifa ukiisha na watu wakaketi, utamsikia jamaa wa safu ya nyuma akimshauri mhusika asiingie kwenye njia ya treni ya chini ya ardhi, na ukumbi mzima utamcheka. Dakika mbili baadaye kila mtu amenyamaza pamoja, halafu wote wanapiga ukelele kwa mkupuo, kisha kicheko cha aibu. Nyumbani peke yako hupati hilo. Anayewasha simu ili ajibu ujumbe, huyo simtetei.

La kichefuchefu sasa, maana hili huwaaibisha watu bure. "Ametoka nje, ameshindwa na woga." La hasha. Macho yanauambia ubongo kwamba unakimbia, sikio la ndani linalopima mwendo na mizani linasema umekaa tu, na tumbo ndilo linalolipia ubishi huo. Ni kinyume cha kusoma simu ndani ya matatu, ambapo mwili unarushwa na macho yametulia. Mtu jasiri kupindukia anaweza kutapika, na mwoga akamaliza filamu salama. Cloverfield ilipotoka, baadhi ya sinema za Marekani zilibandika onyo mlangoni.

Ukianza kuhisi vibaya, fumba macho kidogo au tazama kitu kilichotulia, kama ukingo wa skrini au taa ya mlango wa kutokea. Bora zaidi, jipange mapema. Skrini ikijaza macho yako yote, mtikisiko unakuzidi nguvu, kwa hiyo ukikata tiketi, chagua katikati ya safu za nyuma. Zile safu mbili za mbele ambazo huwa tupu hadi dakika ya mwisho, waachie waliochelewa.