Ngoma zisizoshika mwendo: wanayosema ma-DJ na ilivyo kweli

DJ wa Tanga hana nafasi ya kuchagua muziki wa aina moja. Harusi moja tu ya Ngamiani itamtaka apige amapiano, singeli, mchiriku uliotoka kwenye kanda na taarab ya zamani ya kundi la Black Star, na usiku ukikolea kina mama watadai baikoko. Nyingi kati ya hizo hazitulii: zinaanza kwa kasi hii, zinaishia kwa nyingine. Kuhusu namna ya kuziunganisha, yanasemwa mengi.

“Za bendi ndizo zinayumba, za kielektroniki zimenyooka”

Umeme peke yake haunyooshi mwendo. Kinachonyoosha ni kipimo kimoja cha mapigo kinachofuatwa na kila chombo. Chukua mchiriku: kinanda kidogo cha Casio kimechomekwa kwenye amplifaya, sauti ni ya umeme kabisa, lakini vidole ni vya binadamu na ngoma zinapigwa kwa mkono. Halafu kanda yenyewe ilirekodiwa kwenye deki yenye mota iliyochoka, ikaja kugeuzwa MP3 miaka mingi baadaye. Hata mashine za midundo, kabla ya MIDI, mfumo wa kuunganisha vyombo vya umeme, kuja mwaka 1983, hazikuwa na lugha moja ya kuelewana baina ya kampuni na kampuni.

“BPM (mapigo kwa dakika) zikilingana, bonyeza SYNC, umemaliza”

Hapa ndipo wengi wanaaibika mbele za watu. Kitufe cha SYNC, kinacholinganisha kasi za nyimbo mbili, hakisikilizi muziki, kinafuata gridi, yaani mistari ya kuonyesha kila pigo lilipo, ambayo programu imeichora juu ya wimbo. Gridi ikiwa ya kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na ngoma yenyewe inapanda na kushuka, namba unayoiona kwenye skrini ni wastani tu. Inawezekana hakuna hata sehemu moja ya wimbo inayokwenda kwa kasi hiyo.

Piga hesabu. Ngoma moja iko 112, nyingine umeambiwa ni 112 lakini pale unapoiingiza inakwenda 112.5. Baada ya mapigo 32, yaani sekunde kama 17, zimeachana kwa takriban milisekunde 76. Hapo kila pigo la dramu linasikika mara mbili. Ikifika dakika nzima zimeachana nusu pigo, na wachezaji hawajui waweke mguu wapi.

Dawa ni kurekebisha gridi nyumbani, na si lazima wimbo mzima: sekunde 30 za kuingilia na 30 za kutokea zinatosha. Kwenye programu za ma-DJ, Rekordbox ina uchambuzi wa gridi inayobadilika, na Serato inakuruhusu kupachika alama nyingi kwa mkono. Angalia pia programu isikusomee nusu: singeli ya 210 mara nyingine huandikwa 105. Jambo hilo unaweza kulitumia kwa faida yako, kwa sababu amapiano ya 112 inaingiliana vizuri na singeli ya 224. Mara mbili kamili.

“Basi nyoosha kila kitu kabla ya shoo”

Ableton Live, programu ya kutengenezea muziki, inaweza, na kwa mapigo ya kompyuta yaliyoyumba kidogo sina ugomvi nayo. Lakini baikoko ukiinyoosha pigo kwa pigo unaiua. Ule mvuto wa wapigaji kukimbiliana ndio unaonyanyua watu kwenye viti. Mimi hufunga alama mwanzoni mwa kila mapigo 8 au 16, yaliyo katikati nayaacha yaende yanavyotaka.

“Ustadi ni mpito mrefu kutoka wimbo hadi wimbo”

Labda kwa muziki wa house, ambao nyimbo zake nyingi hutengenezwa na utangulizi wa dramu tupu ili DJ apate pa kushikia. Kwa ngoma inayoyumba, kila sekunde unayoziacha pamoja unaongeza hatari. Kata lupu, yaani kipande kinachojirudia, ya mapigo 4 kwenye ngoma inayotoka: lupu ina kasi moja, kwa hiyo chanzo cha kuyumba kimoja kimeondoka. Punguza besi yake mpaka mwisho, ingiza mpya, rekebisha kwa kusukuma jogi (lile gurudumu la mashine) taratibu, toa lupu kwa mwangwi. Mapigo 8 au 16 yanatosha. Au subiri pale dramu zinaponyamaza na sauti ya mwimbaji ikabaki peke yake, hapo hakuna mapigo ya kugongana. Mwenye sherehe hakulipi kwa urefu wa mpito.

“Funguo ya noti ikiwashwa, badili kasi upendavyo”

Hiki ni kitufe cha kuzuia noti isibadilike kasi ikibadilika. Bila hiyo, kupandisha kasi kwa asilimia 6 hivi kunainua wimbo nusu toni. Ukiiwasha, noti inabaki lakini programu inavuta sauti, na dramu ndizo za kwanza kupoteza makali. Ndani ya asilimia 3 au 4, wengi hawatagundua.

“Sikiliza spika za ukumbini”

Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Pale Raskazone, spika zimetazama wachezaji na wewe uko mita 10 nyuma yake: unachosikia kimechelewa milisekunde 29, wakati hedifoni haicheleweshi chochote. Ukilinganisha hivyo viwili unarekebisha kosa ambalo halipo, na unalitengeneza kwa wanaocheza. Dai monita ya karibu, spika ya DJ mwenyewe. Wakikunyima, weka ngoma zote mbili ndani ya hedifoni, ziba masikio yote mawili, linganisha humo humo.